Kila Asubuhi, Tosha Maji

Asubuhi niliyoanza kazi hii sikuwa nimetoka kutafuta kazi. Nilitoka kwa sababu mwenye nyumba wangu pale La Rochelle, kusini mwa Johannesburg, alikuwa anapaka rangi milango, na harufu ilinikera mpaka nikavaa viatu bila soksi. Nilikuwa na miaka arobaini kasoro, begi moja na tabia ya kuondoka. Shule niliiacha Tanga nikiwa darasa la sita. Sikufukuzwa. Siku moja lilipita lori limebeba mashine nisiyoijua, nikataka kujua inakwenda wapi. Ilikuwa inakwenda Arusha, na ilikuwa ya kuokea mikate. Tangu hapo nimekaa Arusha, Lusaka, Harare na Maputo, kila mji kwa muda wa kutosha kujifunza mabasi yake tu.

Nayaandika haya kwa ajili yenu mnaobaki uwanjani, kwa sababu mmeniomba niwaachie maelezo ya kazi. Habari za vyeo msizitafute humu. Hatukuwa na vyeo, tulikuwa na koleo mbili.

Basi nilitembea. Nilipofika kwenye robot, yaani taa za barabarani, nilifuata upande wenye taa ya kijani, na kwa utaratibu huo nikajikuta Turffontein, nyuma ya uwanja wa mbio za farasi, kwenye kichochoro chenye mazizi. Kona ya uwanja mmoja palikuwa na banda la mabati. Mbele ya banda palikuwa na marundo ya magazeti ya zamani, na magazeti mengine yalikuwa yamelowekwa kwenye pipa. Kando ya pipa mwanaume mfupi mwenye kofia ya sufu alikuwa anapiga jeki ya lori, lakini lori halikuwepo. Alikuwa akiinua hewa. Ningewezaje kupita?

Nilisimama getini mpaka akachoka kutazamwa.

"Weye, unatafuta kazi ao unatafuta kutazama?" akaniuliza kwa Kiswahili cha Kongo.

"Vyote viwili, mzee."

"Bon. Makala unajua?"

Nikatazama yale magazeti. Nikajisemea, kumbe hapa ni mahali pa kuandikia. Sikutaka kuonekana mshamba.

"Kusoma nasoma vizuri," nikamwambia. "Kuandika sijawahi, lakini nitajaribu."

Aliiachia jeki.

"Weye unasomaka makala?"

"Nikiyapata."

"Ku Tanzania banasoma makala," alijiambia mwenyewe. "Seigneur." Halafu akaninyooshea gunia. "Kamata."

Kwetu kukamata ni kazi ya polisi. Niligeuka nyuma kuona nani anakuja. Hakukuwa na mtu. Nilipogeuka tena gunia lilikuwa kifuani mwangu, na ndani yake mlikuwa na vumbi jeusi la mkaa. Ndipo nilipojua kwamba kwa Papa Mugisho, mtu wa Bukavu, makala ni mkaa, na kukamata ni kushika. Yale magazeti yalikuwa ya kusagwa na kuwa uji wa kushikamanisha vumbi. Ile jeki ilikuwa inakandamiza uji na vumbi ndani ya kipande cha bomba mpaka vinakuwa tofali jeusi la duara. Jioni nilirudi La Rochelle nikiwa mweusi kuliko lile gunia, na mwenye nyumba akanikataza kugusa milango yake.

Kazi ya makala tuliifanya miaka miwili. Wengi wenu hamkuiona, kwa hiyo nawaandikia machache. Vumbi tulikusanya kwa wauza mkaa na wachoma nyama wa Rosettenville, ambao walikuwa wakilitupa na wakashangaa kuona watu wazima wanaliomba kwa adabu. Ukikosa magazeti, ukoko wa papu, ugali wa huku, hushika vizuri zaidi. Tofali likikauka, liangushe kutoka usawa wa bega. Likivunjika vipande viwili, ni zuri. Likiwa unga, lirudishe kwenye pipa na usimwambie mtu. Unga wa mbao wa kuchanganya na vumbi chukua kwa mafundi wa vitanda, lakini ule wa nguzo zenye rangi ya kijani usiuguse hata ukipewa bure, hasa ukipewa bure. Nguzo hizo zimewekwa sumu ili mchwa wasizile. Sisi tuliwahi kuuza matofali ya namna hiyo kwa mchoma nyama mmoja, kwa kutojua. Kwa bahati nzuri moshi wake ulitoa harufu mbaya hata kabla nyama haijaguswa, na wateja wakamkimbia. Papa Mugisho alikwenda mwenyewe kuyazoa yote, na njiani alimkuta kila mteja akamwomba radhi kwa Kifaransa. Hawakujua Kifaransa, lakini walielewa.

Banda letu lilikuwa la kuazima. Mwenye mazizi, mtu mrefu asiyependa maneno, alituacha pale kwa sababu kona ile haikuwa na kazi. Alikuwa na neno moja, "sharp". Akimaanisha ndiyo, alisema sharp. Akimaanisha hapana, alisema sharp. Akimaanisha nimekusikia, niondokee, alisema sharp akitazama farasi.

Shida yake ilikuwa samadi. Farasi wale walikula kama wageni wa harusi, na rundo lilikuwa kubwa kuliko ofisi yake. Papa Mugisho alilitazama rundo lile majira mazima ya baridi. Asubuhi, barafu ikiwa imetanda juu ya mabati, rundo lilikuwa linatoa mvuke. Siku moja alichomeka mkono ndani mpaka kwenye kiwiko.

"Tanga," akaniita, maana hakuwahi kutumia jina langu la Seif. "Kuya weka mukono."

Niliuweka. Kulikuwa na joto kama ndani ya mkate uliotoka sasa hivi.

"Hii kitu inaishi," akasema. "Inatumika kila siku, na hakuna mutu anaipatia kazi." Kwao kutumika ni kufanya kazi.

Alikuwa amewahi kujenga matangi ya gesi kwao, kwenye shule ya mapadri. Mimi nilikuwa sijui lolote, kwa hiyo nilimuuliza kila kitu, na kila jibu lilizaa maswali matatu. Alivumilia. Nadhani ndiyo sababu aliniweka, mabomba hayaulizi.

Tulipata matangi mawili ya plastiki yaliyotumika, moja kubwa na moja dogo kidogo. Dogo tulilipindua ndani ya kubwa, kama kikombe kilichofunikwa kwenye bakuli la maji. Samadi inaoza chini, gesi inapanda, na kikombe kinainuka. Ukikiona juu, una gesi. Kikiwa chini, una maneno tu. Samadi ya farasi imechanganyika na maranda ya kulalia, na maranda hayaozi upesi, kwa hiyo tulikaa kwenye ndoo na kuyachambua kwa mkono kama mtu anayechambua mchele. Tulihitaji pia kianzio, yaani samadi ya ng'ombe, ambayo wadudu wake wanajua kazi. Niliifuata shambani nje ya mji nikarudi nayo kwenye ndoo yenye kifuniko, nimeipakata. Abiria waliokaa nami waliniuliza ni nini. Nikasema hamira. Sikudanganya sana.

Wiki tatu tangi lilitoa hewa iliyozima kiberiti. Papa Mugisho hakujali. "Ni pumuzi ya kwanza," alisema. Wiki ya nne, mchana wa jua kali, alifungua koki, nikawasha kiberiti, sikuona kitu. Nikainama nione vizuri. Wenzangu, mwali wa gesi hii ni wa bluu iliyofifia sana, na juani hauonekani kabisa. Nyusi yangu ya kushoto ilirudi baada ya miezi miwili. Papa Mugisho alicheka mpaka akakaa chini kwenye samadi. "Inawaka!" alikuwa anasema. "Inawaka, Tanga, unanuka kuku!"

Hapo ndipo anapoingia Bi Rukia. Bi Rukia mnamjua; asiyemjua asingekuwa anakula. Wakati ule alikuwa ameanza kupika kwenye chumba cha zamani cha chakula cha farasi, akiwalisha watunza farasi arobaini kila mchana. Alikuwa anapikia mitungi ya gesi, na umeme ulipokuwa wa mgao mitungi ilikuwa inagombaniwa mji mzima. Tulimwendea na habari njema.

"Mavi ya farasi," alisema.

"Gesi, Mama Rukia," alisema Papa Mugisho. "Mavi inabaki ku tangi."

"Mimi mwana wa Ng'ambo, Unguja, nipikie watu biriani kwa mavi ya farasi. Nikifa nitajibu nini?"

Alikwenda kumuuliza shehe wake. Alirudi siku ya pili amenuna, kwa sababu shehe alikuwa amemwambia kwamba sufuria haigusani na samadi, na kwamba bibi zake kijijini walipikia samadi kavu ya ng'ombe na walikuwa wacha Mungu kuliko yeye. Akakubali, kwa sharti kwamba watunza farasi wasiambiwe. Wao ndio walikuwa wanajaza samadi kwenye toroli na kutuletea. Walijua kabla yake.

Tulitandika bomba kutoka tangini, likapita nyuma ya ukuta, likaingia jikoni. Mwenye mazizi alikuja, akatazama, kisha akasema maneno mengi kuliko tuliyowahi kuyasikia kwake. Alikuwa anataka kuifanya kona ile maegesho ya magari. Lakini kama tangi lingeweza kulilisha jiko mwezi mzima bila kuzima, angetuachia kona na samadi yote. Likizima, tuhamishe vitu vyetu. Siku ya mwisho ya mwezi angekuja kula na watu wake.

"Sharp?" akamaliza.

"Sharp," tukasema. Papa Mugisho hakulala vizuri mwezi ule. Kila alichokuwa nacho nchini kwake kilikuwa kimebaki nyuma. Tangi lile lilikuwa kitu cha kwanza ambacho hakukibeba. Kilikuwa kimesimama, na yeye amesimama kando yake. Mimi niliyezoea kuondoka sikuelewa hilo mara moja. Nililielewa nilipomwona analifuta vumbi tangi la samadi kwa kitambaa safi.

Siku ishirini na saba moto uliwaka. Zilipobaki siku tatu, akapata ujumbe kwamba zamu yake ya kufuatilia karatasi zake za kuishi nchini imefika, na ofisi iliyokuwa na faili lake ilikuwa Durban. Asipokwenda, faili lingerudi chini. Akafunga begi. Getini alinishika bega.

"Tanga, sikia muzuri. Kila asubui, mbele ya Mama Rukia kuwasha moto, tosha maji. Samadi unaweza kusahabu siku moja, haina mubaya. Lakini maji, tosha. Kila asubui."

"Maji yatoshe," nikarudia.

"Voilà. Tosha maji."

Nikaona ni jambo jepesi. Samadi ni kavu, lazima maji yatoshe. Asubuhi ya kwanza nikamimina ndoo mbili tangini. Nikatazama, nikaona labda hayajatosha, nikaongeza ya tatu. Asubuhi ya pili ndoo nne, kwa sababu baridi ilikuwa kali na nilitaka kuwa mwangalifu. Asubuhi ya tatu, ndiyo siku yenyewe, niliamka mapema kwa mara ya kwanza maishani na nikamimina mpaka uji ukafurika mdomoni mwa tangi. Nilikuwa nafanya kazi kwa moyo mmoja.

Saa nne na nusu moto ukaanza kukohoa. Ulikuwa unaruka, unashuka, unakuwa wa njano, unapiga puh! puh! kama mtu mwenye mafua. Bi Rukia alikuwa ameweka wali wa watu arobaini na mwenye mazizi. Saa tano moto ukafa.

"Seif!" Nilisikia jina langu kutoka upande wa pili wa ukuta, na halikuwa na ladha nzuri.

Nilikimbilia kwenye kipimo. Kipimo chetu ni ule mpira unaoonyesha ndani, umekunjwa kama herufi U na kutiwa sharubati nyekundu ya Bi Rukia ili maji yaonekane. Mnacho hadi leo. Kilionyesha gesi imejaa tele. Tangi lilikuwa juu kabisa. Tangi limeshiba, jiko lina njaa, na katikati kuna bomba tu. Sikuelewa. Nikapiga simu Durban nikaiweka kwenye spika, maana mikono yangu ilikuwa michafu.

"Papa Mugisho, moto umezima."

"Niko ku foleni, niko wa tatu! Umezima namna gani? Tangi iko chini?"

"Iko juu. Gesi ipo, haifiki."

"Ah! Basi ni maji. Ulitosha maji?"

"Yametosha!"

"Leo asubui?"

"Leo, jana na juzi. Yametosha mpaka yanamwagika."

"Voilà, ni vile. Basi tosha tena."

"Niongeze tena?"

"Uongeze nini?"

"Maji!"

"Maji ya nini, Tanga? Tosha!"

"Nakwambia yametosha!"

"Kama yametosha, sasa tosha!"

Nyuma yake nilisikia sauti za watu kwenye foleni. Mmoja aliuliza kuna nini. Mwingine akamjibu, "Kuna mutu anazama Johannesburg."

Nilikuwa tayari nimeinua ndoo nyingine. Bi Rukia akatokea mlangoni ameshika mwiko.

"Weka ndoo chini," akaniambia. Kisha akaisogelea simu. "Mugisho, na wewe nyamaza. Mmekaa miaka miwili pamoja hamjawahi kusikilizana? Mimi nimeishi na mume wa Uvira miaka saba. Siku ya harusi aliniambia 'tosha viatu', nikamjibu ahsante, vimenitosha. Tulisimama mlangoni nusu saa." Akanigeukia. "Kutosha kwao ni kutoa, baba. Anakwambia toa maji. Toa!"

Nikaweka ndoo chini.

"Nitoe wapi?" nikauliza.

"Nyuma ya ukuta," simu ikasema kwa sauti ndogo, "kuna kibao chini. Inua kibao. Kuna koki."

Kibao kile nilikuwa nakikanyaga kila siku. Nilidhani ni cha kuzuia matope. Kumbe Papa Mugisho alikuwa akifika kabla yangu kila asubuhi, na kila mtu alikuwa anafika kabla yangu, anakiinua na kumaliza kazi nisiyoijua. Sikilizeni, hiki ndicho kiini cha waraka huu. Gesi inatoka tangini ina joto na unyevu. Ikipita kwenye bomba la baridi, unyevu unageuka maji, na maji yanakusanyika pale bomba linapokuwa chini kuliko pote. Kijiko baada ya kijiko yanaziba. Baridi ya Johannesburg inafanya kazi hiyo usiku mmoja. Siku tatu ni bwawa.

Nilifungua koki nikiwa nimechuchumaa mbele yake, na hilo pia msilifanye. Maji meusi yenye harufu ya mayai yaliyooza yalinipiga kuanzia kidevuni kwenda chini. Yalitoka, yakatoka, kisha nikasikia fyuuu, nikafunga. Bi Rukia akawasha kiberiti. Puh, na duara la bluu likasimama chini ya sufuria, limetulia kama halikuwahi kuondoka.

"Umewaka!" nikapiga kelele. Foleni ya Durban ilishangilia kama imefunga goli. Katikati ya kelele hizo nilisikia jina la Mugisho likiitwa dirishani, na simu ikakatika.

Mwenye mazizi alifika saa saba. Wali ulikuwa na kiini kidogo katikati, na Bi Rukia akampakulia kutoka pembeni. Alikula. Mimi nilikaa mwisho wa benchi, na watunza farasi wote wakahamia mwanzo wake. Nilikuwa nimeamua kumwambia ukweli, kwamba moto ulizima nusu saa na kosa lilikuwa langu, si la tangi. Nilimwambia kwa Kiingereza changu cha njiani. Alinitazama, akanusa, akatazama moto, akatazama nguo zangu.

"Sharp," akasema, akaondoka.

Papa Mugisho alipiga jioni. "Alisema nini?"

"Alisema sharp."

"Sharp gani?"

"Ndiyo hiyo sijui."

Jumamosi na Jumapili nzima hatukujua. Jumatatu asubuhi nilifika nikitarajia kukuta magari yameegeshwa. Nilikuta toroli kumi na mbili za samadi mbichi zimemwagwa mlangoni petu, kiasi kwamba hatukuweza kuingia. Papa Mugisho, aliyekuwa ameshuka kwenye basi la Durban akiwa na begi mkononi na karatasi zake mfukoni, alisimama mbele ya rundo lile akavua kofia.

Kisha alifungua tangi, akachungulia ndani. "Tanga," akasema, "umepika supu." Ilituchukua wiki mbili na samadi nyingi kulirudisha lilivyokuwa. Hakunigombeza. Alileta rangi nyeupe na kipande cha bati, akanipa brashi. "Weye ni mutu wa makala," akasema. "Andika."

Niliandika TOSHA MAJI. Nikatafakari kuhusu Mtanzania atakayekuja baadaye, nikaongeza chini yake, YAANI TOA. Alipokuja Mburundi akaongeza mstari wake, kisha Mkenya, kisha mtunza farasi mmoja akaandika kwa Kizulu, na mtu nisiyemjua akaandika EISH, ambayo sina hakika ni lugha gani lakini inaeleweka. Bati lile msilipake rangi upya. Mkilipaka mtachagua lugha moja, na hapo ndipo shida itaanza.

Niliyekuwa nachoka na mji kabla ya kumaliza sabuni nilikaa pale miaka ishirini na kidogo. Sababu ni ileile iliyonifanya nifuate lori: kila nilipojua jambo moja kuhusu tangi lile, lingine lilitoa kichwa. Tulijifunza kulivisha blanketi la samadi wakati wa baridi ili lipate joto. Tulijifunza kupitisha gesi kwenye manyoya ya chuma, yale ya kusugulia sufuria, yenye kutu ili ipoteze harufu ya mayai. Matangi yakawa sita. Papa Mugisho alistaafu kabla yangu akahamia kwa binti yake, na kila asubuhi alikuwa ananipigia simu. Hakusema hujambo. Alisema, "Ulitosha?" Nami nilijibu, "Nimetosha."

Kilichonistaafisha ni pua. Bi Rukia ndiye aliyegundua. Alinipitishia kitunguu kilichokatwa chini ya pua nikiwa nimefumba macho, akaniuliza ni nini. Nikasema ndizi. Miaka yote ile ya mayai yaliyooza ilikuwa imekula harufu zote nyingine, na mwisho harufu hiyo nayo ikajila yenyewe. Mnaweza kutumia povu la sabuni kutafuta bomba linalovuja, na mtumie, kila wiki, kila kiungo. Lakini mtu asiyesikia harufu hapaswi kushika funguo za nyumba ya gesi. Niliziweka juu ya meza ya Bi Rukia. Alizitazama, akaniongezea wali.

Jumatatu iliyofuata niliamka saa ya kazi, nikakuta sina kazi. Nikafunga begi lilelile. Nilifuata robot za kijani mpaka stendi, nikapanda gari la kwanza lililokuwa na nafasi, na nikashuka watu wengi waliposhuka. Ilikuwa Randburg. Miaka yote ile sikuwahi kufika. Kwa mtu wa kusini mwa Johannesburg, Randburg, huko kaskazini, ni safari ya nje. Nilizunguka madukani nikitazama vitu ambavyo sina haja navyo, mpaka nikasikia Kiswahili cha Kongo mlangoni mwa saluni. Mwenyewe alikuwa mama mnene mwenye kitana kichwani, Mama Furaha, mtu wa Lubumbashi. Nikamsalimu. Nikamuuliza kama anajua mahali pa kulala mzee mmoja asiye na kelele.

Alikuwa na chumba uani. Akanipeleka.

"Nisamehe, papa," akasema akifungua mlango. "Bapakaji bametoka jana tu. Harufu ya rangi iko kali."

"Harufu gani?" nikasema.

Chumba kilikuwa kidogo, kina kitanda, dirisha, na kabati kubwa la mbao lililovunjika mguu, limeziba nusu ya nafasi. Mama Furaha alilitazama kabati, akanitazama mimi.

"Hii, nitatosha," akasema.

Nilipima kwa macho, kutoka kitandani mpaka dirishani. Nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu Jumatatu ile ya samadi mlangoni.

"Na mimi nitatosha," nikamwambia.

Uso wake ukang'aa. "Aksanti sana, papa! Sikujua ningepata wapi mutu wa kunisaidia." Akakunja mikono ya gauni, akainama upande wa mguu uliovunjika, na kwa kidevu akanionyesha upande mzito. "Basi kamata kule."

Nikaweka begi chini, nikakamata.